Bajeti ni amana: Waislamu tusifiche ushahidi wetu

 

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tukilisikia redioni hubadilisha stesheni. Nalo ni bajeti ya Serikali, na hasa vikao vya Kamati za Bunge vinavyoipitia bajeti hiyo kabla haijafika katika ukumbi mkubwa. Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, hayo waachie wanasiasa, sisi tupe aya na hadithi." Nawaomba wavumilie kidogo, kwani nitakayoyasema yanatoka katika aya na hadithi hizo hizo.

Mimi naishi Kizota, hapa Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida. Ukipita huku kwetu utakutana na viwanda, malori, na maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Upande wa pili wa mji, ukishika barabara ya Dar es Salaam, ndipo lilipo Bunge. Kati ya ghala na Bunge ni nauli ya daladala tu. Kila mwaka, Kamati zinapoanza kukaa mwezi Machi hadi Bunge linapofungwa mwishoni mwa Juni, mji wetu hujaa wageni. Vyumba vya kulala wageni hupata wateja, teksi hupata abiria, na mama lishe huongeza sufuria. Tunauita msimu wa Bunge, kama tunavyosema msimu wa zabibu. Ukishapita, tunasubiri mwingine.

Swali ninalowauliza ndugu zangu ni hili: katika msimu huo wote, mbali na biashara, sisi tulipeleka nini pale Bungeni?

Ni mali ya nani?

Mwaka wa fedha 2008/09 bajeti ya Tanzania ilikuwa takriban shilingi trilioni 7.2. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilipitishwa ikiwa shilingi trilioni 56.49. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu tukiwa watu zaidi ya milioni 61.7. Ukigawanya fedha hizo kwa hesabu hiyo ya watu, utapata kama shilingi 915,000 kwa kila kichwa, kuanzia kitoto kilichozaliwa jana hadi ajuza asiyeinuka kitandani. Fedha hizo zimetoka katika sukari uliyonunua, muda wa maongezi uliouweka kwenye simu, mafuta ya bodaboda uliyoipanda, na mikopo ambayo watoto wako watailipa.

Basi mali hiyo si ya Waziri, wala si ya Katibu Mkuu, wala si ya Mbunge. Ni amana. Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, anatuamrisha tuzirejeshe amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wanachuoni wengi wametueleza kwamba aya hii inawahusu kwanza wenye mamlaka, kwa kuwa wao ndio wenye kushika amana za wengi. Ukimpokonya mtu mmoja mbuzi wake, umemdhulumu mmoja na unaweza kwenda kumuomba radhi. Ukila dawa za zahanati, utawatafuta wapi wote uliowadhulumu ili wakusamehe?

Kazi yenyewe iko wapi?

Wengi tunadhani bajeti huamuliwa siku ile Waziri wa Fedha anapoingia na mkoba wake mwezi Juni. Sivyo. Katiba yetu, katika ibara ya 99, hairuhusu Bunge kuongeza kodi au matumizi isipokuwa pendekezo liwe limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Kwa hiyo Mbunge anayesimama mwishoni kabisa akitaka zahanati yake iongezewe fedha, aghalabu amechelewa. Anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, akapewa maelezo, akaiachia. Muda nao ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo.

Penye kazi ni kwenye Kamati. Huko ndiko Wizara huitwa pamoja na makatibu wake wakuu na wakurugenzi, ikaulizwa: mwaka jana mliidhinishiwa kiasi gani, zimefika kiasi gani, mradi huu mbona umesimama? Ipo pia Kamati ya Bajeti, iliyoanza mwaka 2013. Kabla ya mwaka huo bajeti ilisomwa Juni na kujadiliwa hadi Agosti, mwaka wa fedha ukiwa umekwishaanza. Tangu 2013 mjadala huanza Aprili na kumalizika kabla ya tarehe 1 Julai, na hivyo Kamati zikapata nafasi ya kushauri mapema. Zipo pia Kamati za hesabu, ile ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, zinazokaa na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuuliza fedha zilizokwisha kutumika zilikwenda wapi.

Mwishowe, bajeti inapopigiwa kura, kila Mbunge huitwa kwa jina lake, akasema ndiyo au hapana, na jibu lake likaandikwa. Mimi kila nikilisikia zoezi lile redioni hukumbuka kwamba iko siku nyingine ya kuitwa, ambapo kila mmoja atamwendea Mola wake peke yake, bila chama na bila kambi, na yote yakiwa yameandikwa.

Sifa mbili za Yusuf (a.s.)

Sisi wa Kizota tunaoishi jirani na maghala tuna kila sababu ya kuisoma Suratu Yusuf kwa makini. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango: miaka saba ya kulima na kuweka akiba, kisha miaka saba ya ukame ya kula kile kilichowekwa. Hiyo ni bajeti ya miaka 14. Alipoomba akabidhiwe hazina za nchi, alijieleza kwa sifa mbili, nazo zimo katika aya ya 55: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua.

Tuzingatie, ndugu zangu. Ni sifa mbili kwa pamoja. Mtu mwaminifu asiyejua kusoma mahesabu ataletewa kitabu chenye kurasa mia tano, atasaini, na mali itapotea mbele ya macho yake. Na mjuzi wa mahesabu asiye na uaminifu huyo ni hatari zaidi, kwa kuwa anajua pa kupitisha. Mjumbe wa Kamati anazihitaji sifa zote mbili, na sisi tunaomtuma tunazihitaji tunapomchagua.

Nchi hii ya Ugogo inajua ghala likikosa mwenye kuhifadhi inakuwaje. Wazee wa Kigogo walisimulia njaa ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini ukame ulikuwa umezoeleka hapa. Kilichowamaliza watu ni kwamba majeshi, ya Wajerumani kwanza kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wala hakuwepo wa kuyauliza. Ukame ulikuta maghala matupu. Basi anayedhani kuhoji matumizi ya watawala ni anasa ya wasomi, awaulize wenyeji wa nchi hii.

Nguo ya Umar na swali la hadharani

Husimuliwa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alipanda juu ya mimbari akiwa amevaa nguo iliyotokana na vitambaa viwili, ilhali Waislamu wote walikuwa wamegawiwa kitambaa kimoja kimoja. Akasimama mtu, na wapo wanaosema alikuwa ni Salman (r.a.), akasema kwamba hawatamsikiliza mpaka aeleze. Umar alikuwa mrefu na kitambaa kimoja kisingemtosha. Alichofanya ni kumwita mwanawe Abdullah atoe ushahidi, naye akashuhudia kwamba alimpa baba yake fungu lake. Hapo muulizaji akaridhika.

Hicho ndicho kikao cha Kamati! Yupo mwenye dhamana, yupo mwenye kuuliza, yupo shahidi, na watu wote wanasikia. Umar hakusema swali limevunja heshima ya dola, na muulizaji alirudi nyumbani salama.

Sasa tujipime. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja mchana kutwa, ikitoa sababu ya gharama. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, baada ya kusema kwamba ripoti za ukaguzi kutofanyiwa kazi ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Mtu anaweza kubishana kuhusu maneno yaliyotumika. Lakini aliyekuwa ameshika taa alijikuta yeye ndiye mshitakiwa, na hesabu zilizoulizwa zikasahauliwa kwa muda watu wakijadili adabu. Muislamu anayejua kisa cha nguo ya Umar anapaswa kuona tofauti.

"Hii yenu, hii nimepewa mimi"

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya mtu aitwaye Ibn Lutbiyya ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili mimi nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) hakumwita pembeni kumnong'oneza. Alipanda mimbari, akamhimidi Allah, kisha akauliza mbele ya watu: mtu huyo kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake tuone kama zawadi itamfuata? Akaapa kwamba hapana anayechukua kitu kwa njia hiyo ila atakuja nacho Siku ya Kiyama kakibeba shingoni, akiwa ni ngamia, ng'ombe au mbuzi, naye analia.

Sasa sikilizeni yaliyotokea hapa hapa Dodoma. Tarehe 18 Julai 2011, ikijadiliwa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, Mbunge wa Kilindi, Bi. Beatrice Shellukindo, aliisoma Bungeni barua iliyotoka Wizarani ikizitaka taasisi zilizo chini yake zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha uwasilishaji wa bajeti hiyo. Wakati huo nchi ilikuwa gizani kwa mgao wa umeme. Bajeti ikaondolewa na kuletwa upya Agosti. Kamati Teule ikaundwa, na Novemba mwaka huo huo ikaleta taarifa yake na kupendekeza wahusika wachukuliwe hatua.

Hebu tujiulize swali la Mtume (s.a.w.). Kama bajeti ni ya haki na takwimu zake ni sahihi, inahitaji kusindikizwa na mamilioni ya nini? Na mwenye kuuliza maswali ndani ya Kamati, akilishwa na kusafirishwa na yule anayemuuliza, atabaki na ulimi? Mtume (s.a.w.) amewalaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea, wote wawili. Wala tusisahau sura ya pili ya kisa hiki. Aliyefichua ni Mbunge mmoja aliyesimama na karatasi mkononi. Angenyamaza, ingepita.

Mkopo usio na riba ulioliwa

Pengine utasema haya ni ya wakubwa, mimi yananihusu nini? Nitakupa mfano ulio mlangoni pako. Mama mmoja hapa mtaani, mkaanga vitumbua, aliniuliza baada ya darsa, "Ustadhi, huu mkopo wa kikundi unaotoka halmashauri nao una riba? Maana ya mitaani imetumaliza." Nikamwambia, "Mama yangu, huo hauna riba." Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ikazitaka halmashauri zote nchini zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, na mikopo hiyo irejeshwe bila riba.

Muislamu anayeikimbia riba kwa kumuogopa Mola wake alikuwa amefunguliwa mlango wa halali kwa fedha za umma. Nini kikatokea? Ripoti za ukaguzi zikaonyesha vikundi hewa na fedha nyingi zisizorejeshwa. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili kutafuta utaratibu mpya, na haikurejeshwa hadi mwaka 2024. Kwa zaidi ya mwaka mzima yule mama hakuwa na pa kukopa ila kwa wenye riba. Waliojiandikia vikundi vya uongo hawakula fedha za Serikali peke yake. Walimfungia mja wa Allah mlango wa halali na kumsukuma kwenye haramu. Dhulma hiyo mizani ya Kiyama haitaikosa.

Wala tusidhani wizi huo ulifanywa na watu wa mbali. Kikundi hewa kina majina, kina muhuri wa mtaa, kina wajumbe wanaofahamiana. Wapo majirani waliojua. Walinyamaza.

Ushahidi uliofichwa

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 283, ametukataza kuficha ushahidi, na akatueleza kwamba mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Hakusema ulimi. Amesema moyo.

Kila mwaka ukiletwa Muswada wa Sheria ya Fedha, Kamati ya Bajeti hutoa mwaliko kwa wadau wafike Dodoma au waandike maoni yao. Wanaofika ni kina nani? Wenye viwanda hufika, wafanyabiashara hufika, na hoja zao zimeandaliwa na wataalamu kwa tarakimu. Hawana kosa, wametumia haki yao. Lakini kodi ikihamishwa kutoka kwa aliyefika, itatua kwa nani kama si kwa asiyefika? Mama wa vitumbua hakufika. Kibarua wa viwandani Kizota hakufika. Misikiti yetu, ambayo inasikia shida za watu hawa kila siku, je, imewahi kuandika hata ukurasa mmoja?

Nakiri kwamba muda unaotolewa huwa mfupi, pengine siku chache. Na vikao vingine havina nafasi ya raia kuingia. Hayo tuyadai yarekebishwe, kwani ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Wapo pia wanaosema, "Wakituita tayari wameshaamua." Huenda ikawa hivyo mara nyingine. Lakini shahidi haulizwi kama kadhi amemkubali. Anaulizwa kama alishuhudia. Ukishasema ulilolijua, mzigo umehamia shingoni kwa aliyesikia.

Tuanzie msikitini

Na kabla hatujanyoosha kidole Bungeni, tusome Suratun Nisaa, aya ya 135, inayotutaka tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Je, kamati ya msikiti wako husoma mapato na matumizi? Sadaka ya Ijumaa iliyopita ilikuwa shilingi ngapi, na mabati ya madrasa yamenunuliwa kwa bei gani? Anayeuliza hujibiwa, au huambiwa ana fitna? Ikiwa sisi wenyewe tunamwita muulizaji mfitini, kwa ulimi gani tutamlaumu Waziri anayekasirika akihojiwa?

Kwa hiyo naishauri nafsi yangu na nawashauri ninyi mambo manne. Kwanza, kila msikiti usome hesabu zake hadharani, hata kama ni shilingi elfu ishirini. Pili, tuhudhurie mikutano ya mtaa, tuulize majina ya vikundi vilivyokopeshwa na miradi iliyotengewa fedha. Tatu, kabla ya Juni, maimamu na walimu wa madrasa wakae na wafanyabiashara wadogo, wahasibu na wanasheria wetu, waandike kwa lugha nyepesi yale yanayowaumiza watu wa eneo lao, na wayapeleke kwa Mbunge na kwa Kamati. Nne, Mbunge anapokuja kufuturu nasi tumkaribishe kwa heshima zote, lakini kabla hajaondoka tumuulize: katika Kamati yako, mwaka huu, uliuliza nini?

Ghala la Yusuf (a.s.) liliwaokoa watu wa Misri na majirani zao kwa sababu alikuwepo mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie viongozi wa namna hiyo, na atujaalie sisi raia wenye kuuliza kwa adabu na kushuhudia bila hofu.

Wabillahi tawfiq.